Mkiongoza foki wawili au watatu: namna ya kugawana funguo, kazi na neno la mwisho

Kunakili mradi wa programu huria ni kazi ya sekunde chache. Unabonyeza kitufe, msimbo wote (maandishi ya programu yenyewe) unahamia kwenye akaunti yako, na papo hapo una mradi wa pili wenye historia yote ya ule wa kwanza. Shida huja baadaye. Foki nyingi, yaani miradi iliyochipuka kutoka kwa mingine ikashika njia yake, huzaliwa kwa sababu mtu au kampuni fulani ilikuwa na neno la mwisho na wengine wakachoka nalo. Kwa hiyo siku ya kwanza mnakuwa watu wawili au watatu mnaokubaliana kabisa kuhusu mliyemkimbia, na hamjawahi kuulizana mnakokwenda.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa foki nadhani methali hiyo inasema nusu tu. Chombo chenye nahodha mmoja nacho hukwama siku nahodha akiugua, akipata kazi mpya au akisusa, na hapo mnarudi palepale mlipotoka. Wengi wanaweza kuongoza vizuri ilimradi ijulikane nani ameshika usukani kwa sasa na funguo za ghala ziko kwa nani. Ndiyo maana mwongozo huu unatanguliza funguo na kuacha vyeo nyuma. Nimeona timu ikijadili wiki tatu nani aitwe mwenyekiti, huku kila kitu cha thamani kikiwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja.

Hatua ya 1: Andikeni mlichokimbia, na kitakachowarudisha

Kabla ya kuchagua yeyote, andikeni ukurasa mmoja unaojibu maswali matatu. Nini kilishindikana kule? Tunataka kufanya nini ambacho kule hakikuwezekana? Na mradi mama, yaani ule mliotoka, ukibadilisha nini, tutarudi? Swali la tatu ndilo watu hulikwepa, nalo ndilo linaloamua mnahitaji uongozi wa aina gani.

Foki ya kushinikiza inahitaji uongozi mwepesi. io.js ilijitenga na Node.js, jukwaa la kuendesha programu za JavaScript kwenye seva, Desemba 2014 kwa sababu wachangiaji waliona kampuni iliyoushika mradi inauchelewesha. Walipoondoka hawakuweka mfalme mpya. Waliunda kamati ya kiufundi iliyofanya mikutano ya wazi na kutafuta maafikiano, na Septemba 2015 miradi miwili ikaungana tena katika Node.js toleo la 4.0 chini ya taasisi moja. Ule mfumo wa kamati ukarudi nao nyumbani. EGCS, iliyojitenga na kikusanyi cha GCC (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) mwaka 1997, ilikwenda mbali zaidi: Aprili 1999 kamati yake ndiyo iliyokabidhiwa GCC yenyewe.

Foki ya kudumu ni habari nyingine. Waliotoka OpenOffice.org, mradi wa programu za ofisi, mwaka 2010 na kuanzisha LibreOffice walijenga taasisi, The Document Foundation, iliyosajiliwa Berlin mwaka 2012. Huko mnazungumzia umiliki, kodi na uchaguzi. Msianze na mzigo huo kama nia yenu ni kumshtua mradi mama kwa miezi sita.

Kila mmoja aandike majibu yake peke yake kwanza, kisha mlinganishe. Nilipofanya hivi na wenzangu wawili, mmoja aliandika kwamba tatizo ni leseni, wa pili akaandika kasi ya matoleo, mimi nikaandika jina la mtu. Tulicheka, lakini ilikuwa dhahiri kwamba kama leseni ingerekebishwa kesho yake, mmoja wetu angerudi na wawili tungebaki tukimwita msaliti.

Hapo hapo malizeni suala la jina. Leseni huria inawapa msimbo. Haiwapi alama ya biashara, yaani haki ya kutumia jina. Januari 2011 watu wa Hudson, programu ya kujenga na kujaribu msimbo, walipoona kampuni ya Oracle inadai haki ya jina hilo, walipiga kura, 214 wakikubali mradi uitwe Jenkins na 14 wakikataa, na kazi ikaendelea. Chagueni jina lisilofanana na la zamani, na msifute matangazo ya hakimiliki ya waliowatangulia ndani ya mafaili.

Hatua ya 2: Fungueni daftari la funguo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mradi wa programu, mali ni kila kitu ambacho mwenye nacho anaweza kuwafungia wengine nje au kuwapa watumiaji kitu kibaya. Andikeni vyote, na mbele ya kila kimoja majina ya wenye uwezo wa kukifungua:

– kikoa (anwani ya tovuti), na barua pepe inayopokea vikumbusho vya malipo yake
– akaunti ya shirika inayoshika hifadhi ya msimbo
– akaunti za kuchapisha vifurushi, na tokeni zake (nywila zinazotumiwa na mashine)
– ufunguo wa kutia sahihi matoleo
– seva ya majaribio na ya kujenga matoleo
– anwani ya siri ya kupokea taarifa za udhaifu wa kiusalama
– akaunti za mitandao ya kijamii na chumba cha mazungumzo
– pesa, kama zipo
– jina na nembo

Kanuni zangu ni mbili tu. Kila ufunguo uwe na watu wawili, na pasiwe na mtu mmoja mwenye funguo zote. Kanuni ya kwanza inawalinda dhidi ya ajali. Ya pili inawalinda dhidi yenu wenyewe. Watu wengi huifuata ya kwanza na kuisahau ya pili, kwa sababu mwanzoni huwa kuna mmoja mwenye bidii anayesajili kila kitu usiku wa kwanza kwa jina lake. Mshukuruni, halafu asubuhi mhamishe.

Ukitaka kuona kwa nini sehemu hii si ya kupita haraka, tazama Gitea, programu ya kuhifadhi msimbo kwenye seva yako mwenyewe. Ilizaliwa mwaka 2016 kutoka kwa Gogs, kwa malalamiko kwamba mtunzaji mmoja pekee ndiye aliyeweza kuingiza mabadiliko. Wao wakaweka utaratibu mzuri: wachangiaji wakawa wanachagua wamiliki watatu kila mwaka. Lakini Oktoba 2022 ikatangazwa kwamba vikoa na alama ya biashara viko mikononi mwa kampuni mpya ya kibiashara. Baadhi ya wachangiaji waliandika barua ya wazi kudai virudishwe kwa jumuiya, hawakuridhika na jibu, na Desemba 2022 wakaanzisha Forgejo. Foki ikazaa foki. Safari hii vikoa viliwekwa tangu mwanzo kwa Codeberg e.V., chama kisicho cha kibiashara kilichoko Berlin. Uchaguzi wa kila mwaka haukutosha, kwa sababu kura ilihusu watu na umiliki ulikuwa mahali pengine.

Mimi somo hili nililipata kwa njia ya aibu zaidi. Kikoa cha foki yetu kilisajiliwa na mwenzetu kwa barua pepe ya kazini. Alipobadilisha kazi, vikumbusho vya malipo vikawa vinaingia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Tovuti ilizimika siku nne. Hakukuwa na ugomvi wala nia mbaya, na bado hatukuweza kufanya lolote hadi alipopatikana.

Kwa hiyo, kwa vitendo: fungueni anwani ya barua pepe ya mradi ambayo wote mnaipokea, na kila akaunti isajiliwe kwayo. Msiiweke anwani hiyo kwenye kikoa cha mradi wenyewe, maana kikoa kikifa nayo inakufa. Nywila zikae kwenye programu ya kutunza nywila inayoruhusu kushirikiana, na uthibitisho wa hatua mbili usitegemee simu ya mtu mmoja; misimbo ya dharura ichapwe na kutunzwa na wawili. Kuhusu ufunguo wa kutia sahihi, njia iliyo bora ni kila mtoa matoleo awe na wake, na orodha ya funguo zinazokubalika ichapishwe. Kama lazima uwe mmoja, kuna mbinu aliyoieleza Adi Shamir mwaka 1979: siri inakatwa vipande, tuseme vitatu, na viwili vyovyote vikikutana inarudi nzima, ilhali kimoja peke yake hakisemi kitu. Zipo programu huria zinazofanya hivyo.

Daftari lenyewe lisiwe na nywila hata moja. Ni orodha ya nini kiko kwa nani, na lipitiwe kila baada ya miezi mitatu, kila mtu akijaribu kuingia kweli kweli. Ufunguo ambao haujajaribiwa tangu mwaka jana mhesabu kwamba hamnao.

Hatua ya 3: Gawaneni maeneo, na mmoja amtazame mradi mama

Kugawana uongozi nusu kwa nusu ni kujitafutia balaa, kwa sababu hakuna ajuaye nusu yake inaishia wapi. Gawaneni kwa maeneo. Tuseme mmoja ana kiini cha programu, wa pili ana kiolesura na nyaraka, wa tatu ana ujenzi wa matoleo. Kwenye eneo lako neno lako ndilo la mwisho, na nje ya eneo lako wewe ni mchangiaji kama wengine: unapeleka ombi la kuunganisha na kusubiri lipitiwe. Hata mwanzilishi. Hasa mwanzilishi.

Kuna eneo moja ambalo mradi wa kawaida hauna na foki inalo, nalo husahaulika hadi mambo yaharibike: kumfuatilia mradi mama. Kila wiki kule wanarekebisha hitilafu, wanaziba udhaifu, wanabadilisha muundo wa mafaili ya data. Nani anasoma mabadiliko hayo? Nani anaamua lipi tulichukue, lipi tuliache, lipi tuliandike upya kwa namna yetu? Uamuzi huo ni wa uongozi kuliko unavyoonekana, kwa kuwa ndio unaoamua foki yenu itaendana na mradi mama hadi lini. Ukichukua kila kitu, mnakuwa kivuli. Ukiacha kila kitu, watumiaji wanaohamia kwenu watakuta programu-jalizi zao hazifanyi kazi, na baada ya mwaka kiraka (rekebisho dogo) cha usalama cha kule hakitaingia tena kwenu bila kushonwa upya.

Mpeni mtu mmoja eneo hili kwa miezi mitatu, kisha libadilishane mikono. Linachosha, na anayelishika muda mrefu huanza kuona mradi mama kama adui wa kibinafsi. Kazi yake iwe na sura hii. Kwanza aongeze hifadhi ya mradi mama kwenye Git yake (programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo) kama chanzo cha pili. Kila wiki apitie mabadiliko mapya na kuyaweka mafungu matatu: ya usalama, ambayo huingizwa bila mjadala baada ya majaribio, ya kurekebisha hitilafu, ambayo mwenye eneo anaamua, na ya vipengele vipya, ambayo huenda kwa wote. Anapochukua badiliko moja moja atumie `git cherry-pick -x`, maana ile `-x` huandika ndani ya ujumbe namba ya badiliko la asili. Na orodha ya yaliyokataliwa nayo iandikwe, pamoja na sababu, la sivyo mtajadili jambo lilelile mara nne.

Namba hizo za asili si urembo. Kama mliondoka kwa sababu ya leseni, basi kuna tarehe ambayo kila kilichoandikwa kule baada yake hamruhusiwi kukigusa. Kampuni ya HashiCorp ilibadilisha leseni ya Terraform, programu yake ya kusimamia seva, Agosti 2023, na OpenTofu ikachipuka kutoka kwenye msimbo wa leseni ya zamani. Aprili 2024 kampuni hiyo iliituhumu OpenTofu kwa barua ya kisheria kwamba imechukua msimbo wenye leseni mpya. OpenTofu ilikana, na iliweza kujibu kwa kuchapisha uchambuzi wa asili ya msimbo uliotajwa, kipande kwa kipande. Jiulizeni kama nanyi mngeweza kufanya hivyo leo jioni. Katika foki ya namna hii, mfuatiliaji wa mradi mama asome taarifa za udhaifu na tabia ya programu tu, na asiufungue msimbo mpya kabisa. Kiraka kiandikwe na mtu ambaye hajauona.

Hatua ya 4: Kubalianeni namna ya kuamua, kabla hamjawa na la kuamua

Mambo mengi hayahitaji kura. Badiliko dogo ndani ya eneo lako, ingiza mwenzako akishalipitia. Badiliko linalogusa eneo la mwingine, linahitaji idhini yake. Badiliko linalogusa wote, mfano muundo wa mipangilio, leseni, jina au kuondoa kipengele, litangazwe kwa maandishi na kusubiri saa 72. Asipotokea wa kupinga, limepita. Utaratibu huu wa kuhesabu ukimya kuwa ridhaa umetumika kwa miaka mingi katika miradi ya Apache, taasisi ya programu huria, na saa 72 zina maana yake: watu wako katika saa za dunia tofauti, na wengine hawagusi mradi mwishoni mwa wiki.

Apache wana jambo la pili la kuiga. Mtunzaji anaweza kuweka kura ya turufu dhidi ya badiliko la msimbo, lakini lazima aambatanishe sababu ya kiufundi. "Silipendi" haihesabiki. Ongezeni sharti langu moja: anayezuia aseme pia ni nini kingemfanya akubali.

Sasa hesabu. Wawili ni idadi mbaya kwa kura, na foki nyingi huanza na wawili. Nimejaribu njia kadhaa, na inayonipa amani zaidi ni hii: mkigongana sawa kwa sawa, mwenye eneo anaamua, kama jambo halina eneo, anaamua anayesimamia toleo linalofuata, na kama hata hapo kuna mashaka, foki inabaki kama mradi mama unavyofanya. Kanuni hiyo ya mwisho inafaa kwenye foki pekee. Ninyi mna kitu ambacho miradi mingine haina, yaani tabia iliyokuwapo ambayo watumiaji tayari wanaijua. Ikiwa hamkubaliani jinsi ya kutofautiana nayo, msitofautiane bado.

Mkifika watatu au watano, wekeni kura ya kawaida kwa mambo machache yanayobaki. Na tazameni waajiri. Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya programu ya Python, alipojiuzulu uongozi wake Julai 2018, jumuiya ilichagua baraza la watu 5, likaanza kazi 2019, na katiba yake inakataza zaidi ya wawili kuwa waajiriwa wa kampuni moja. Valkey, iliyochipuka kutoka hifadhidata ya Redis Machi 2024, ilianza na kamati ya watu 6 kutoka kampuni 6 tofauti. Kama wewe na mwenzako mnalipwa na bosi mmoja, foki yenu ina kiongozi mmoja, na ni huyo bosi.

Haya yote yaingie kwenye faili moja ndani ya hifadhi. Liiteni UONGOZI.md na lisizidi kurasa mbili. Mfano wa kuanzia, ambao mnaweza kuuchukua na kuubadilisha:

"Mradi huu una viongozi watatu wenye haki sawa. Kila eneo lina kiongozi mmoja na msaidizi mmoja, kama orodha ilivyo hapa chini. Kiongozi wa eneo ana neno la mwisho ndani ya eneo lake. Mabadiliko yanayogusa maeneo yote hutangazwa na kusubiri saa 72. Anayepinga hutoa sababu ya kiufundi na kueleza kingemridhisha nini. Kura zikigongana, tunabaki kama tulivyokuwa. Kubadilisha leseni, jina au faili hili kunahitaji viongozi wote. Kiongozi asiyeonekana kwa siku 60 bila taarifa huhesabiwa yuko likizo, na msaidizi wake anashika eneo. Dharura ya usalama: kiongozi yeyote anaweza kuchukua hatua mara moja na kutoa maelezo ndani ya saa 24."

Sentensi ya siku 60 itawaokoa kuliko nyingine zote. Watu hawaondoki kwa kishindo. Hupungua kidogo kidogo, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Sentensi hiyo inauliza kwa niaba yenu.

Hatua ya 5: Ongezeni watu, kwa ngazi

Foki isiyopata mtunzaji mpya ndani ya mwaka inaelekea kufa, kwa hiyo msifunge mlango. Inkscape, programu ya kuchora, ilipochipuka kutoka Sodipodi mwaka 2003 ilijijengea desturi ya ukarimu: aliyeleta viraka viwili vikakubaliwa alipewa ruhusa ya kuandika moja kwa moja kwenye hifadhi. Watu walibaki kwa sababu waliaminiwa mapema.

Leo singefanya hivyo kwa funguo zote. Machi 29, 2024 iligundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri uliopandikizwa na mtunzaji mwenza aliyejiita Jia Tan. Mtu huyo alianza kuchangia mwaka 2021, akafanya kazi nzuri kwa muda mrefu, huku akaunti nyingine zisizojulikana zikimlaumu mtunzaji aliyechoka kwamba anachelewa na kumshinikiza aongeze msaidizi. Foki changa iliyoelemewa ni windo rahisi zaidi ya hapo, na kila mtu anajua inatafuta wasaidizi.

Kwa hiyo tenganisheni ruhusa. Kupanga tiketi (taarifa za hitilafu na maombi ya watumiaji): mpeni mtu upesi. Kupitia na kuidhinisha maombi ndani ya eneo moja: baada ya miezi michache ya kazi inayoonekana. Kuchapisha toleo: baada ya mwaka, na hata hapo sahihi mbili zihitajike. Wekeni tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo) lisiloruhusu mtu yeyote, nanyi mkiwemo, kuingiza badiliko bila mwingine kulipitia. Vifurushi vijengwe na seva kutoka kwenye msimbo ulio wazi, kusiwe na faili la toleo lililotoka kwenye kompyuta ya mtu. Na shinikizo la "mpeni fulani ruhusa haraka" lichukuliwe kuwa sababu ya kungoja.

Hatua ya 6: Ratiba na pesa

Hapa sitakaa sana. Kutaneni mara moja kila wiki mbili kwa nusu saa, mkiwa na ajenda iliyoandikwa kabla na uamuzi ulioandikwa baada. Maongezi ya simu kati ya wawili si uamuzi mpaka yawe kwenye tiketi. Usimamizi wa matoleo uwe wa zamu: toleo hili wewe, lijalo mwenzako. Zamu hiyo inafundisha unyenyekevu haraka, kwa sababu kila mtu hupata kuona kazi ambayo mwenzake alikuwa akiifanya kimya kimya.

Pesa zisiingie kwenye akaunti ya mtu binafsi hata siku moja, hata kama ni kidogo. Yapo mashirika yanayopokea michango kwa niaba ya miradi, kama Software in the Public Interest, Software Freedom Conservancy na Open Source Collective. Kabla ya kupokea mchango wa kwanza amueni kama viongozi wanaweza kulipwa, na nani anaidhinisha malipo ya kiongozi. Yeye mwenyewe asiwe miongoni mwa waidhinishaji.

Hatua ya 7: Siku mtakapogombana

Itafika. Na kwa watu ambao tayari waliwahi kujitenga mara moja, kujitenga mara ya pili huja mdomoni kwa urahisi.

Kanuni ya kwanza: wakati wa ugomvi hakuna anayeondoa ruhusa za mwenzake wala kubadilisha nywila, isipokuwa kuna ushahidi kwamba akaunti imedukuliwa. Ukimfungia mtu nje katikati ya ubishi umeshamaliza ubishi, na umeumaliza vibaya. Ya pili: mjadala ukifika ujumbe wa kumi kati ya watu walewale wawili, unasimama kwa siku tatu, kisha kila mmoja anaandika hoja ya mwenzake kwa maneno yake mwenyewe hadi mwenzake aseme "ndiyo, hicho ndicho nilichomaanisha". Ni zoezi la kuudhi. Mara mbili kati ya tatu nilizolifanya, tuligundua tulikuwa tunabishana kuhusu mambo mawili tofauti. Ya tatu: tafuteni mapema, mkiwa bado mnacheka, mtu wa nje mnayemheshimu wote, mwandike jina lake.

Gharama ya kushindwa inajulikana. Mwaka 2011 watunzaji wa FFmpeg, programu ya kuchakata video na sauti, waligawanyika, kundi moja likaanzisha Libav. Kwa miaka mingi FFmpeg ilikuwa ikiyaunganisha mabadiliko ya Libav ndani yake, watumiaji wakichanganyikiwa ipi ni ipi, na kazi ikifanywa mara mbili. Mwaka 2015 Michael Niedermayer alijiuzulu uongozi wa FFmpeg akitumaini kwamba kuondoka kwake kutarahisisha pande mbili kurudiana. Debian, mfumo endeshi uliokuwa umehamia Libav, ulirudi FFmpeg mwaka huohuo. Mnaweza kubishana ni nani aliyekuwa na haki. Miaka iliyotumika hairudi.

Hatua ya 8: Andaeni mlango wa kutokea

Kila kiongozi awe na muhula, mwaka mmoja unatosha, na mwishoni aulizwe kama anaendelea. Swali hilo likiwa la desturi, kujibu "hapana" hakumvunjii mtu heshima. Anayeondoka afanye mambo haya kwa mpangilio: amtangaze mrithi wa eneo lake, wafanye kazi pamoja kwa toleo moja zima, funguo zihamishwe, kisha ruhusa zake ziondolewe siku hiyohiyo. Ziondolewe kwa kila mtu, hata rafiki wa karibu. Akaunti iliyolala ndiyo mdukuzi anayoipenda. Jina lake liwekwe kwenye orodha ya watunzaji wastaafu, na akirudi arudi kwa njia fupi.

Kama lile sharti mliloliandika kwenye hatua ya 1 limetimia na mnarudi kwa mradi mama, jadilini mambo matatu kabla ya kuunganisha msimbo: nani kati yenu anapata kiti kule, kanuni zipi za maamuzi zinakwenda naye, na matoleo ya foki yatapewa viraka hadi lini. Watumiaji watangaziwe tarehe ya mwisho. Hifadhi ya foki ifungwe iwe ya kusomwa tu, isifutwe, maana historia ya mjadala iko humo. Kikoa nacho kiendelee kulipiwa kwa miaka kadhaa zaidi. Kikiachwa, mtu yeyote anaweza kukisajili na kuwapa watumiaji wenu wa zamani faili lenye sumu kwa jina lenu. Atakayelipia aandikwe kwenye lile daftari la funguo, na jina la msaidizi wake kando.